Si mafuta tu: meli zinazotafuta tope chini ya bahari yetu

Kila meli ngeni ya utafiti ikionekana kwa mbali, hapa pwani jibu ni moja tu: wanatafuta mafuta. Barazani ni hilo, sokoni ni hilo, hata kwenye foleni ya feri ya Likoni utalisikia. Mimi siwalaumu wanaosema hivyo. Visima vya kutafuta mafuta vimeshachimbwa kweli baharini mbele ya Lamu. Kesi ya mpaka wa bahari baina yetu na Somalia ilifika The Hague na hukumu ikatoka Oktoba 2021, na kila mtu alijua kuwa chini ya mstari ule wa ramani kuna hamu ya mafuta na gesi. Na wavuvi wa Lamu walipochimbiwa bahari kwa ajili ya bandari mpya, ilibidi waende mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi 4,600 walipwe fidia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini kuna aina nyingine ya meli, na hii haitafuti kitu cha kuuza. Inatafuta tope, lile tope la kawaida la chini ya bahari. Inalitoa ndani ya mabomba marefu, inalifungasha kama tende za mgeni, inalipeleka maabara, na huko watu wenye digrii zao hukaa miaka wakilichunguza chembe kwa chembe. Ukimwambia mvuvi wa Kipini au Vanga kwamba mtu ametoka Ulaya na meli ya mamilioni kuja kuchota tope, atakucheka. Makala haya ni ya kueleza kwa nini si jambo la kuchekwa, na kwa nini sisi hasa twapaswa kujua kinachosomwa humo. Humo ndani mna habari za mvua zetu.

Tuanze na tope lenyewe. Baharini kuna mvua isiyokatika usiku na mchana, ila si ya maji. Viumbe vidogo vinavyoelea juu hufa, na magamba yao hushuka polepole hadi chini. Mito nayo hushusha udongo wa bara. Aliyewahi kusimama ufukweni Malindi wakati wa masika ameona Sabaki inavyoigeuza bahari rangi ya chai ya maziwa. Chembe nzito za udongo ule hutua karibu na mdomo wa mto, na zile laini husafiri mbali. Upepo huleta vumbi la Somalia na la Arabuni, na huleta chavua ya miti na nyasi. Vyote hivyo huishia chini, vya leo juu ya vya jana, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine bila mtu kuikunja.

Kutandika huko ni kwa taratibu mno. Katika bahari kuu, mbali na mito, hukusanyika sentimita chache tu kwa miaka 1,000. Angalia kidole gumba chako: upana wake, kwenye tope la bahari kuu, waweza kuwa ndio muda wote tangu Waswahili wa kwanza wa Kilwa kujenga kwa mawe. Karibu na pwani mambo huenda mbio zaidi, kwa sababu mito huleta mzigo mkubwa. Kwa hivyo anayetaka kujua habari za karne moja moja huchimba karibu na mto, na anayetaka habari za miaka laki kadhaa huenda mbali kwenye kina.

Wazee wetu wa vyombo wasingeshangazwa na mpango huu. Nahodha wa jahazi alikuwa na bildi, ile risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba ya kupimia kina. Chini ya bildi kulipakwa mafuta mazito, na ikigusa chini hurudi na kile kilichonasa: mchanga mweupe, tope jeusi, vipande vya chaza. Kwa kuangalia kile kidogo kilichonasa, na usiku ni giza, nahodha alijua yuko wapi. Wanasayansi wamefanya lile lile, ila wao hawakutosheka na kilichonasa juu juu. Wametaka mikeka yote, ikiwa katika mpangilio wake.

Hapo ndipo kazi ilipo. Tope la juu kabisa ni jepesi kama uji, na ukiligonga kwa chombo kizito hutawanyika na habari za miaka ya karibuni hupotea. Kwa hilo hutumika fremu yenye miguu inayotua kwa upole, kisha mabomba mafupi ya plastiki huzama taratibu. Kwa tope la chini zaidi hutumika bomba la chuma la mita kadhaa lenye vyuma vizito juu yake, uzito wa kama tani moja, linaloachiwa lijididimize kwa uzito wake. Mdomoni mwa bomba kuna vipande vya chuma vilivyopangwa kama vidole, vinavyoruhusu tope kuingia na kulizuia kutoka. Anayeijua dema hahitaji maelezo zaidi: samaki huingia, kutoka hawezi.

Taabu ya bomba la namna hiyo ni kwamba tope husongamana ndani na kuziba, hata ukienda na bomba refu hupati kitu kirefu. Msweden Börje Kullenberg alilitatua hilo kwa kuweka pistoni ndani ya bomba. Fikiria bomba la sindano la hospitali: ukivuta kijiti, dawa hupanda. Pistoni hubaki mahali pake huku bomba likishuka kando yake, na tope hupanda bila kusongamana. Chombo chake kilitumika katika safari ya meli ya Sweden iitwayo Albatross, iliyozunguka dunia mwaka 1947 na 1948 na kupita Bahari Hindi, na kwa mara ya kwanza watu walitoa nguzo za tope zenye urefu wa zaidi ya mita 10 kutoka kilindini. Leo meli ya Ufaransa Marion Dufresne, inayofanya kazi sana katika bahari hii yetu upande wa Réunion, hutoa nguzo za makumi ya mita kwa mtindo huo huo.

Juu ya hapo ni kutoboa kwa mtambo, kama wanavyotoboa wa mafuta. Na hapa kuna habari ambayo wengi wetu hatuijui. Mwaka 1972 meli ya Marekani Glomar Challenger ilipita maji haya, na mamia ya kilomita mashariki ya Lamu, kwenye bonde la Somali, ikasimama juu ya maji ya kina cha kama kilomita 4 na kutoboa zaidi ya kilomita moja ndani ya sakafu ya bahari. Mahali hapo pana namba tu, 241. Tope na mawe yaliyotolewa yana umri wa makumi ya mamilioni ya miaka. Wazee waliokuwa wakivua Kizingitini mwaka ule huenda wangali hai, na sidhani kuna aliyewaambia.

Kushusha bomba si kazi ya dakika mbili. Waya ukishuka mita moja kwa sekunde, kilomita 4 zataka zaidi ya saa nzima kufika chini, na saa nyingine kurudi, na mawimbi ya kusi hayakusubiri. Likifika juu, bomba la plastiki lililo ndani hukatwa vipande vya mita moja au moja na nusu, na kila kipande huandikwa upi ni juu na upi ni chini. Hili huonekana dogo, lakini ukikigeuza kipande kimoja umeipindua historia. Kisha hupasuliwa kwa urefu kama muhogo. Nusu moja hufanyiwa kazi. Nusu ya pili haiguswi, huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi kwa ajili ya watakaokuja baadaye na maswali ambayo leo hakuna aliyeyafikiria. Mpango huo wa kuacha nusu napenda sana. Serikali zetu zingetunza hata faili za ardhi namna hiyo, tungekuwa mbali.

Umri wa kila tabaka hujulikana kwa njia kadhaa. Magamba ya hadi miaka kama 50,000 hupimwa kwa kaboni. Ya zamani zaidi hupimwa kwa majivu ya volkano zinazojulikana, na kwa alama za sumaku ya dunia, ambayo imewahi kugeuka kaskazini ikawa kusini, mara ya mwisho miaka kama 780,000 iliyopita. Kuna watakaouliza hesabu hizi nyingi zinakwenda vipi na dini. Mimi si mwanachuoni. Naona tu kwamba mwenye kuchunguza alichokiumba Mola kwa mizani na subira hajamkosea mtu adabu.

Sasa tuje kwenye kusoma. Humo kwenye tope mna viumbe viitwavyo foraminifera, vidogo kama chembe ya mchanga, kila kimoja na nyumba yake ya chokaa. Kinapojenga nyumba hiyo huchukua oksijeni kutoka kwenye maji yaliyokizunguka. Oksijeni iko ya aina mbili zinazotuhusu hapa, nyepesi na nzito. Jua likipiga bahari, maji yenye oksijeni nyepesi hupanda angani kwa urahisi zaidi, huwa mawingu, kisha mvua na theluji. Kwa kawaida hurudi baharini kupitia mito. Lakini dunia ikiwa baridi sana, theluji ya nchi za kaskazini haiyeyuki. Hurundikana ikawa milima ya barafu, na ile oksijeni nyepesi hufungiwa humo. Bahari hubaki na nyingi nzito, na magamba yanayojengwa wakati huo huwa mazito vile vile. Basi mtu akipima magamba kutoka juu ya nguzo hadi chini, aona barafu ya dunia ikikua na kuyeyuka, ikikua na kuyeyuka.

Na nguzo zilizotoa jibu kubwa kuliko yote katika fani hii zilitoka Bahari Hindi, upande wa kusini kabisa. Mwaka 1976 Hays, Imbrie na Shackleton walipima nguzo mbili zenye habari za miaka 450,000, na wakaonyesha kwamba zama za barafu hufuata mizunguko ya dunia kulizunguka jua: ule wa kama miaka 100,000, wa 41,000 na wa 23,000. Kabla ya hapo lilikuwa ni wazo la vitabuni lenye wapinzani wengi, na tope la bahari ndilo lililolipa nguvu.

Hili latuhusu nini sisi? Miaka kama 20,000 iliyopita barafu ilikuwa nyingi kiasi kwamba bahari ilikuwa chini ya ilipo leo kwa mita kama 120. Ichukue picha hiyo uiweke Mombasa. Kilindini, ambayo jina lake lenyewe ni la kina, na mkono wa Tudor, yalikuwa mabonde ya mito. Mombasa haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima kilichozungukwa na mabonde, na ufuo ulikuwa mbele zaidi. Unguja ilishikana na bara, kwa sababu mkono wa bahari ulio katikati si wa kina kirefu. Ndiyo maana kwenye pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbuzi wamekuta mifupa ya punda milia, mnyama asiyekuwapo Unguja leo na asiyejua kuogelea hadi huko. Pemba, kwa upande wake, ilibaki kisiwa, maana maji yaliyo kati yake na bara yana kina cha mamia ya mita.

Kisha barafu ikayeyuka, na bahari ikapanda kwa maelfu ya miaka hadi ikatulia takriban miaka 7,000 iliyopita. Ukigawa hesabu, ni wastani wa karibu mita moja kwa karne. Mikoko ilikuwa ikihama. Nguzo za tope zilizotolewa mbele ya delta ya Rufiji na meli ya Ujerumani Meteor mwaka 2008 zina chavua yake, na wataalamu wameifuata mikoko hiyo ikirudi nyuma na kusogea mbele kadiri maji yalivyokwenda. Wakati ule mikoko ilikuwa na pa kuhamia. Leo bahari yapanda kiasi cha milimita 3 hadi 4 kwa mwaka, na nyuma ya mikoko ya Tudor na Mtwapa kuna nyumba, kuta na hati za ardhi.

Tuuache msimamo wa maji tuje kwenye upepo. Wavuvi wa kaskazini wajua kwamba wakati wa kusi maji ya pwani ya Somalia huwa baridi. Upepo husukuma maji ya juu yende mbali na pwani, na maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake, yakiwa na chakula kingi. Kuna foraminifera mmoja, jina lake Globigerina bulloides, anayependa hali hiyo. Kusi ikivuma kwa nguvu huzaana kwa wingi, ikidhoofu hupungua. Kwa hivyo mwenye kuhesabu magamba yake kwenye tope anapima kusi ya zamani. Mbele ya Oman, ambako hali ni hiyo hiyo na ambako meli ya utafiti JOIDES Resolution ilitoboa mwaka 1987, tope limeonyesha kwamba kusi ilikuwa na nguvu zaidi miaka kama 10,000 hadi 6,000 iliyopita, kisha ikapungua taratibu. Limeonyesha pia kwamba kila Atlantiki ya kaskazini ilipopoa, kusi ya huku ilidhoofu. Upepo uliovusha majahazi kutoka Kilwa na Lamu hadi Ghuba ulikuwa ukiamriwa kwa kiasi fulani na bahari ambayo manahodha wetu hawakuwahi kuiona.

Lakini kinachotushika shati ni mvua. Majani ya mimea huwa na nta juu yake. Upepo na mito huipeleka nta hiyo baharini, na hukaa kwenye tope maelfu ya miaka bila kuharibika. Hidrojeni iliyomo kwenye nta ilitoka kwenye maji ya mvua ambayo mmea uliyanywa, na kwa kuipima mtu hukadiria mvua ilikuwa nyingi au chache. Kutoka kwenye tope la Ghuba ya Aden, Jessica Tierney na Peter deMenocal walionyesha mwaka 2013 kwamba Pembe ya Afrika ilikuwa na mvua nyingi sana kuliko leo kwa maelfu ya miaka, kisha takriban miaka 5,000 iliyopita ikakauka. Na haikukauka polepole kama jua linavyozama. Ilikauka ndani ya karne chache, ilhali mzunguko wa dunia uliosababisha ulikuwa ukibadilika taratibu sana. Mvua ilivumilia, ikavumilia, kisha ikaondoka.

Mwaka 2015 wao wawili pamoja na Caroline Ummenhofer wakatoa utafiti mwingine, wa miaka 2,000 ya karibuni, na huu ndio ningependa kila waziri wa kaunti ausome. Walikuta kwamba ukame ulioongezeka katika Pembe ya Afrika katika karne ya 20 ni wa kasi isiyo ya kawaida ukilinganisha na miaka yote 2,000, na kwamba umekwenda sambamba na dunia kupata joto. Sasa, modeli nyingi za kompyuta zinazotabiri tabianchi husema kinyume: joto likizidi, Afrika Mashariki itapata mvua zaidi. Tope lasema joto na ukame vimekwenda pamoja, modeli zasema joto litaleta maji. Wataalamu wenyewe wana ubishi mkubwa juu ya hili, na sehemu moja ya jibu ni kwamba masika na vuli si mvua moja, huweza kwenda njia tofauti.

Sisi twaujua ubishi huo kwa miili yetu. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikatika, na Ganze, Kinango na Tana River mifugo ilikufa na watu wakaishi kwa mahindi ya msaada. Kisha vuli ya 2023, Bahari Hindi upande wetu ikiwa na joto la kupita kiasi, mvua ikaja na mafuriko, na Mto Tana ukawafukuza watu wale wale waliokuwa wakililia maji. Nikisikia mradi wa kilimo cha umwagiliaji au bwawa ukitetewa kwa hoja kwamba “utabiri unasema mvua itaongezeka”, mimi humwuliza msemaji kama amesikia habari ya nta ya Ghuba ya Aden. Mwenye busara angepanga kwa yote mawili: ghala la mwaka wa kiangazi na daraja la mwaka wa mafuriko. Kuchagua utabiri unaopendeza na kuujengea bajeti ni kamari, na kamari twajua hukumu yake.

Ziko habari za karibu zaidi, ambazo hazikutoka kwenye tope bali kwenye matumbawe ya Malindi. Tumbawe hukua mwaka baada ya mwaka kama mti, na huchukua kutoka majini madini yaliyomo. Dominik Fleitmann na wenzake walilitoboa tumbawe lenye umri wa kama miaka 300 na kupima madini ya bariamu, ambayo huja na udongo wa Sabaki. Kwa karne mbili hesabu ilikuwa ndogo na tulivu. Mapema karne ya 20, walowezi walipofyeka na kulima nyanda za juu za Ukambani na kwingineko mtoni, ikaruka juu, na haijarudi. Lile tope linaloifanya Malindi kuwa na fuo pana na bahari ya kahawia lina tarehe ya kuanza, na lina wahusika. Niliposoma hilo niliona tumbawe limetoa ushahidi ambao hakuna hakimu aliyeuomba.

Tope halisemi kila kitu, na wanaolisoma wanajua mipaka yake. Minyoo na kaa wa chini huchimba na kuchanganya sentimita kama 10 za juu, kwa hivyo mahali ambapo tope hukusanyika polepole, mwaka mmoja hauwezi kutengwa na mwingine. Maporomoko ya chini ya bahari huleta mashapo ya mahali pengine na kuyatandika yasipohusika. Nyavu za kukokota na mashine za kuchimba njia za meli huparua kabisa. Palipochimbwa Kilindini na Lamu kurasa zimeshang'olewa. Na kuna sehemu ambako watu walishindwa tu kufika. Mwaka 2001 meli ya utafiti ya Marekani Maurice Ewing ilishambuliwa na maharamia mbele ya Somalia, na kwa miaka mingi baadaye utafiti wa bahari hii ukakwama.

Swali la mwisho ni la haki zetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, wasema utafiti ndani ya maili 200 za nchi wahitaji ridhaa ya nchi hiyo. Nchi pia ina haki ya kuweka watu wake ndani ya meli, kupewa ripoti, na kufikia data na sampuli. Kwa hivyo meli ngeni ikionekana, swali la kuuliza si “mafuta yako wapi?” pekee. Ni hili: ndani mna Wakenya wangapi, ni wanafunzi wa chuo gani, na ripoti itasomwa wapi? Taasisi yetu ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko hapa hapa Mombasa, na ina meli yake, RV Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji ambako ikiitwa Zeeleeuw. Maafisa wake wangeweza kufika kwenye vikundi vya BMU kabla ya meli ngeni haijafika na kuwaambia wavuvi kwa Kiswahili cha kawaida: siku fulani, mahali fulani, msitege nyavu, wanachokichukua ni hiki. Nusu ya fitina za baharini zingekufa hapo.

Na yale mabomba yaliyotolewa mashariki ya Lamu mwaka 1972? Nguzo za Bahari Hindi za miradi ile ya kimataifa ya kutoboa bahari hutunzwa Kochi, Japani, kwenye vyumba vya baridi, zikiwa zimepangwa kwa namba. Mtafiti wa nchi yoyote aweza kuandika maombi akieleza swali lake, na akikubaliwa hukatiwa vipande vidogo vya tope na kutumiwa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, au wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, naye aweza kuandika ombi hilo.